Maswali ya Wasomaji: Myanmar ya miaka ya mageuzi, bunge lake na kitambulisho chake

Toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu Myanmar, tangu Machi 2011 Rais Thein Sein alipoapishwa hadi asubuhi ya 1 Februari 2021 jeshi lilipotwaa tena madaraka. Barua zimetufikia kutoka pwani hadi Kivu. Tumechagua zilizogusa kiini cha jambo: katika miaka ile kumi milango mingi ilifunguliwa, ya magazeti, ya simu, ya uchaguzi, lakini swali la nani ni mwananchi liliachwa palepale lilipoachwa na wanajeshi. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Nafundisha Uraia kidato cha tatu. Wanafunzi wananiuliza: chama cha Aung San Suu Kyi kilishinda uchaguzi wa 2015 kwa kishindo, mbona hakikubadilisha katiba? — Mwalimu, Iringa

Mwalimu, iandike hesabu hii ubaoni, wanafunzi wataiona wenyewe. Katiba ya 2008 imeweka viti 664 katika Bunge la Muungano: 440 vya bunge la chini na 224 vya bunge la juu. Katika kila bunge, robo ya viti hujazwa na maofisa wanaoteuliwa na Mkuu wa Majeshi. (Waeleze kwanza kwamba kule mkuu wa majeshi si rais kama ilivyo kwetu Amiri Jeshi Mkuu. Ni mtu mwingine kabisa, na rais hawezi kumpa amri.) Robo hizo ni viti 110 na 56, jumla 166. Wanaochaguliwa na wananchi wanabaki 498.

Sasa kifungu cha 436 kinataka marekebisho ya katiba yapitishwe kwa zaidi ya asilimia 75 ya wabunge wote. Asilimia 75 ya 664 ni 498 kamili. Neno "zaidi" linadai 499. Kwa hiyo hata kama kila mbunge aliyechaguliwa, wa kila chama, angeunga mkono bila hata mmoja kuugua siku hiyo, ingebaki kuombwa kura ya mwanajeshi mmoja, na wanajeshi bungeni hupiga kura kwa pamoja, kwa amri. Kwa vifungu vizito zaidi ipo hatua ya pili: kura ya maoni, ambapo lazima ikubaliwe na zaidi ya nusu ya watu wote wenye haki ya kupiga kura, si nusu ya waliojitokeza. Asiyefika kituoni anahesabika kama aliyekataa.

Na hali halisi ilikuwa ngumu kuliko hesabu ya ubaoni. Mwaka 2015 uchaguzi haukufanyika katika wilaya 7 za Jimbo la Shan kwa sababu ya usalama, hivyo viti vilivyojazwa vilikuwa 657. NLD, chama cha Aung San Suu Kyi, kilipata 390. Ni ushindi mkubwa, unatosha kuunda serikali na kutunga sheria za kawaida, ila kwa katiba hautoshi. Miezi michache kabla ya uchaguzi huo, Juni 2015, wabunge walijaribu kuishusha asilimia 75 iwe 70, ikakwama. NLD ikajaribu tena Machi 2020, ikakwama vilevile.

Wanafunzi wakishaelewa hilo, waonyeshe wizara. Mkuu wa Majeshi ndiye aliyekuwa akipendekeza mawaziri watatu: wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani na wa Mipaka. Mambo ya Ndani ina polisi, na hadi mwisho wa 2018 ilikuwa pia na Idara ya Utawala Mkuu, ile yenye maofisa katika kila wilaya ya nchi. Yaani mwananchi aliyempigia kura Aung San Suu Kyi, kesho yake akienda kushughulikia kiwanja au usajili wa kaya, alimkuta ofisa aliye chini ya waziri wa jeshi. Kuiondoa idara hiyo kwenye wizara ile kulikuwa moja ya hatua za maana kabisa za NLD, na haikuandikwa sana magazetini.

Kifungu cha 59(f) kinamzuia kuwa rais mtu ambaye mwenzi wake au mtoto wake ni raia wa nchi nyingine; watoto wa Aung San Suu Kyi ni raia wa Uingereza. Njia iliyopatikana ni sheria ya kawaida, ya Aprili 2016, iliyounda cheo cha Mshauri wa Taifa kwa ajili yake. Wakili aliyehusishwa zaidi na wazo hilo, U Ko Ni, alipigwa risasi uwanja wa ndege wa Yangon tarehe 29 Januari 2017 akiwa amembeba mjukuu wake.

Kosa ambalo wanafunzi hufanya ni kudhani jeshi liliichana katiba mwaka 2021. Lilidai kuitumia. Rais huchaguliwa kutoka kwa makamu watatu, na mmoja kati ya hao watatu hutolewa na wabunge wa jeshi. Rais Win Myint alipokamatwa, makamu huyo wa jeshi, Myint Swe, alijitwalia nafasi ya kaimu rais, akatangaza hali ya hatari kwa kifungu cha 417, akamkabidhi Jenerali Min Aung Hlaing madaraka kwa kifungu cha 418. Yote kwa siku moja. Uhalali wake ni bandia, maana kifungu hicho kinataka rais mwenyewe atangaze, na rais alikuwa kizuizini. Lakini mlango waliopitia ulikuwa umejengwa tangu 2008.

Hapa kwetu Wamakonde walikaa miaka mingi bila vitambulisho mpaka 2016, kisha wakaitwa kabila la 43. Nimesoma kwamba Myanmar ina orodha ya makabila 135. Ni jambo lilelile? Na hicho kitambulisho chao kinafanyaje kazi? — Msomaji, Msambweni, Kwale

Kwa nje yanafanana, ndugu, ila tofauti iliyopo ndiyo iliyowaumiza watu. Kenya orodha ya makabila ni ya kiutawala. Ilitumika kwa miaka mingi kuwanyima Wamakonde na Wapemba karatasi, lakini katiba ya 2010 haisemi lazima uwe wa kabila fulani ndipo uwe raia, na sheria ya uraia ya 2011 ilikuwa na nafasi ya kuwasajili watu wasio na utaifa. Amri ya rais na kazi ya ofisi ya usajili ziliweza kulimaliza jambo. Myanmar kabila limo ndani ya sheria yenyewe.

Sheria ya Uraia ya 1982, ya enzi za Jenerali Ne Win, inataja makabila manane kwa majina: Kachin, Kayah, Karen, Chin, Bamar, Mon, Rakhine na Shan, pamoja na makundi mengine yaliyokuwa yamefanya makao ya kudumu nchini kabla ya mwaka 1823. Mwaka huo una sababu: vita ya kwanza na Waingereza ilianza 1824, na ukoloni ukaleta wahamiaji wengi kutoka Bara Hindi. Kifungu kinachofuata kinaipa serikali uwezo wa kuamua kundi lipi ni la taifa na lipi si la taifa. Hakuna mahakama iliyotajwa hapo.

Orodha ya 135 inawagawa watu chini ya wale manane: Chin 53, Shan 33, Kachin 12, Kayin (yaani Karen) 11, Bamar 9, Kayah 9, Rakhine 7, Mon 1. Ukiitazama kwa makini utaona ina kasoro tele. Mahali fulani lahaja imehesabiwa kama kabila, mahali pengine watu wanaojiona wamoja wamegawanywa mara nyingi. Warohingya, ambao ni Waislamu wa kaskazini ya Jimbo la Rakhine, hawamo.

Sheria hiyo imegawa uraia ngazi tatu. Raia kamili hupewa kadi ya pinki. Raia mshiriki, aliyekuwa ameomba uraia chini ya sheria ya zamani ya 1948, hupewa ya bluu. Raia wa kuandikishwa, anayeweza kuthibitisha kwamba yeye au wazazi wake walikuwepo kabla ya uhuru wa 4 Januari 1948, hupewa ya kijani. Ngazi mbili za chini zinaweza kunyang'anywa kwa sababu nyepesi kuliko ile ya juu.

Soma namba ya kadi hivi. Inaanza na tarakimu ya jimbo au mkoa, kuanzia 1 hadi 14: 1 ni Kachin, 11 ni Rakhine, 12 ni Yangon, 13 ni Shan. Baada ya mkwaju (/) zinakuja herufi za wilaya ilikotolewa. Kisha ndani ya mabano kuna herufi ya ngazi ya uraia, na mwisho tarakimu sita. Karani wa benki au askari wa kizuizi barabarani anajua umetoka wapi na wewe ni raia wa daraja gani kabla hajalifikia jina lako. Chini ya namba lipo jina, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, kisha mstari mmoja wa "kabila na dini", halafu urefu, kundi la damu na alama ya mwilini. Ule mstari wa kabila na dini ndio mzizi wa fitina.

Kadi ya kwanza huchukuliwa mtoto akifika miaka 10, na hubadilishwa akifika 18. Unakwenda ofisi ya uhamiaji ya wilaya na karatasi ya orodha ya kaya, cheti cha kuzaliwa, kadi za wazazi, kumbukumbu za babu na bibi, na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Kwa Mbamar (wa kabila kubwa zaidi nchini) Mbudha wa Mandalay hilo ni suala la kusubiri zamu. Kwa Mwislamu wa jiji hilohilo, aliyezaliwa na wazazi waliozaliwa hapo, mambo hukwamia katika hatua mbili. Kwanza, akisema yeye ni Mbamar, ofisa humwambia Mwislamu hawezi kuwa Mbamar tupu, na humwandikia asili ya India au Pakistani pembeni ya Bamar. Akishaandikwa hivyo anakuwa "damu mchanganyiko" na faili lake linahamia kwenye uchunguzi mrefu. Pili, orodha ya kaya: ikiungua nyumba, au mzee akifa kabla ya jina la mtoto kuingizwa, mnyororo wa ushahidi unakatika na hakuna pa kuuunganishia.

Warohingya walivuliwa uraia kwa mabadiliko ya kadi, hatua kwa hatua. Miaka ya 1950 wengi walikuwa na kadi ya taifa ya wakati ule, ile ya kukunjwa mara tatu, sawa na wananchi wengine. Kuanzia 1989 serikali ilibadilisha kadi nchi nzima. Walizitoa za zamani, na mpya hazikurudi. Mwaka 1995 wakaanza kupewa kadi nyeupe za muda. Kwa kadi hizo nyeupe walipiga kura ya maoni ya katiba mwaka 2008 na uchaguzi wa 2010, na wakachagua wabunge. Shwe Maung, Mrohingya, aliingia bungeni mwaka huo kutoka Buthidaung kwa tiketi ya chama kilichoungwa mkono na jeshi. Februari 2015, baada ya maandamano ya wazalendo wa Kibudha, Rais Thein Sein alitangaza kwamba kadi nyeupe zitakoma tarehe 31 Machi. Waliozirudisha walipewa stakabadhi. Novemba ya mwaka huohuo hawakupiga kura, na Shwe Maung aliondolewa katika orodha ya wagombea kwa hoja kwamba wazazi wake hawakuwa raia alipozaliwa. Hayo yalitokea ndani ya mageuzi, mwaka uleule dunia ilipoisifu Myanmar kwa uchaguzi huru. Kuwanyima watu kura waliyokuwa nayo chini ya majenerali ni jambo ambalo hatuwezi kuliita hatua ya mbele.

Sensa ya Machi na Aprili 2014 inaonyesha utaratibu wenyewe. Makarani walikuwa na maswali 41. Swali la kabila lilijibiwa kwa namba kutoka orodha ya 135, na kulikuwa na namba ya "wengineo" ambapo mtu angeweza kujitaja mwenyewe. Siku moja kabla ya kuanza, serikali ilitangaza kwamba jina Rohingya halitaandikwa. Karani alifika mlangoni, akauliza kabila, na akijibiwa Rohingya alifunga fomu na kwenda nyumba inayofuata. Umri, elimu, vifo vya watoto, choo, vyote vikabaki bila kuulizwa. Idadi ya taifa ilitangazwa kuwa 51,486,253, na kati ya hao 1,090,000 wa Rakhine walikadiriwa tu. Takwimu za dini zilizuiliwa hadi Julai 2016. Zilipotoka, Waislamu walikuwa asilimia 4.3, wakati sensa ya 1983 ilitoa 3.9. Miaka yote hiyo watu walikuwa wametishwa kwamba Waislamu wanaimeza nchi.

Usidhani kuwa kwenye orodha kunaleta usalama peke yake. Wakaman ni Waislamu wa Rakhine waliomo ndani ya 135. Oktoba 2012 nyumba zao Kyaukphyu zilichomwa pamoja na za wengine, na wakaishia kambini na kadi zao za pinki mfukoni.

Marehemu babu alikuwa askari wa Keya, akipenda kusimulia Burma. Burma hiyo ndiyo Myanmar? Na vita ile ina uhusiano gani na ugomvi wa makabila tunaoandikiwa? — Mjukuu, Kisumu

Ndiyo hiyohiyo, serikali ya kijeshi ilibadilisha jina mwaka 1989. Babu yako huenda alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katika nusu ya pili ya 1944, masika ya kule yakiwa yamechacha, waliteremka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani, na mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Malaria na homa ya utitiri wa vichakani viliwaangusha sana. Wasio na kaburi linalojulikana, karibu majina 27,000 ya jeshi lote la Jumuiya ya Madola, yamechongwa kwenye nguzo za makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon. Ukitafuta jina kwenye kumbukumbu za tume ya makaburi ya vita, anza na namba ya jeshi na kikosi, kwa sababu majina ya Waafrika yaliandikwa kwa kusikia na mara nyingi herufi zimepotoka.

Uhusiano upo, tena wa karibu. Wabamar wengi, wakiongozwa na Aung San, baba wa Aung San Suu Kyi, kwanza walikuwa upande wa Japani ili kuwafukuza Waingereza. Wakaren na Wakachin walibaki na Waingereza. Tarehe 27 Machi 1945 Aung San aligeuka dhidi ya Wajapani, na siku hiyo ndiyo Siku ya Majeshi mpaka leo. Rakhine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1942 Waislamu na Wabudha waliuana huko. Waislamu wakakimbilia kaskazini, Wabudha wakaelekea kusini, kisha Waingereza wakawapa Waislamu wa kaskazini silaha za kupeleleza Wajapani. Ramani ya nani anaishi upande gani, ambayo babu yako na wenzake waliikuta, ndiyo iliyoendelea kuonekana katika machafuko ya Juni na Oktoba 2012, yaliyowaacha watu wapatao 140,000 bila makazi.

Nasoma uandishi wa habari. Tunaambiwa uhuru wa habari ulikuja Myanmar halafu ukaleta chuki. Lipi ni kweli? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Yote mawili, na ni vizuri uyajue kwa mpangilio. Tarehe 20 Agosti 2012 ilifutwa kanuni ya kupeleka kila habari kwa mkaguzi kabla ya kuchapishwa. Tarehe 1 Aprili 2013 magazeti binafsi ya kila siku yalirudi mitaani baada ya karibu nusu karne. Waandishi walioishi uhamishoni walirudi na vyombo vyao. Hilo lilikuwa jema na hatulipunguzii thamani.

Sheria za kuwafunga waandishi zilibaki. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 ilikuwa na kifungu 66(d) cha kashfa mtandaoni, kilichotumiwa zaidi wakati wa NLD kuliko kabla yake. Sheria ya Siri za Serikali ni ya Waingereza, ya 1923. Kwa sheria hiyo Wa Lone na Kyaw Soe Oo wa shirika la Reuters walihukumiwa miaka 7 mwaka 2018 baada ya kuchunguza mauaji ya wanaume 10 wa Kirohingya kijijini Inn Din. Waliachiwa Mei 2019 kwa msamaha wa rais.

Sasa simu. Karibu na 2010 laini moja iliuzwa zaidi ya dola 1,000. Agosti na Septemba 2014 kampuni za Ooredoo na Telenor ziliingia, na laini ikauzwa kyat 1,500, kama dola moja na nusu. Nchi iliruka kompyuta na barua pepe, ikaingia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, na muuza simu ndiye aliyekufungulia akaunti ya Facebook palepale dukani. Kwa wengi hiyo ndiyo iliyokuwa intaneti yote. Wahariri waliofunzwa hawakutosha, na kampuni ya Facebook yenyewe ilikuwa na wasomaji wachache mno wa Kiburma wa kuchuja machapisho.

Kulikuwa pia na tatizo la kiufundi ambalo waandishi wengi hulisahau. Simu nyingi zilitumia fonti ya Zawgyi, ambayo huhifadhi herufi za Kiburma kinyume na utaratibu wa kimataifa wa Unicode. Maandishi yaleyale yalionekana sawa kwenye kioo lakini ndani ya mashine yalikuwa vurugu, hivyo programu za kutafsiri na kutambua matusi hazikufua dafu. Serikali ilianza kuhamia Unicode rasmi tarehe 1 Oktoba 2019, miaka miwili baada ya mauaji ya Warohingya ya 2017 huko Rakhine.

Mfano wa Julai 2014 Mandalay unafaa darasani: tuhuma kwamba Mwislamu mwenye mgahawa amembaka mfanyakazi Mbudha ilisambazwa Facebook, mtawa wa Kibudha Wirathu akiwa miongoni mwa walioieneza. Watu wawili wakauawa, Mbudha mmoja na Mwislamu mmoja. Baadaye mahakama ilikuta tuhuma ni ya kutunga. Uongo ulikwenda kwa saa chache, kesi ikachukua miezi.

Nafanya kazi hotelini na Waburma. Sijui nimwite mtu jina lipi, maana hawana ukoo. — Dada, Muscat

Dada, taja jina lote kama lilivyo, na utangulize heshima. Mwanamume mzima ni U, mwanamke mzima ni Daw. Kijana wa kiume wa rika lako ni Ko, wa kike ni Ma. Hizo ni kama mjomba, shangazi, kaka na dada, kwa hiyo hutapata shida kuzizoea. Ukoo hakuna kweli, ndiyo sababu kadi yao hutaja jina la baba. Kabila usiulize mapema. Kwa mtu aliyekaa mbele ya meza ya uhamiaji akibishania mstari ule mmoja, swali hilo halisikiki kama mazungumzo ya kawaida.

Kwetu Kivu tumezoea mikataba inayosainiwa na vita ikaendelea. Myanmar nayo ilisaini mkataba mwaka 2015. Ulikwamia wapi? — Msomaji, Goma

Ulikwamia kwanza kwa waliosaini. Tarehe 15 Oktoba 2015 makundi 8 yalitia saini Mkataba wa Kusitisha Mapigano Nchi Nzima. Mengine 2 yaliongezeka Februari 2018. Wengi wao walikuwa upande wa mpaka wa Thailand. Majeshi makubwa ya kaskazini, ya Wakachin na ya kabila la Wa, yalibaki nje, na jeshi la serikali lilikataa kuyakubali matatu likiwemo Arakan Army, jeshi la waasi wa Rakhine. Kwa hiyo neno "nchi nzima" lilikuwa la jina tu. Na kumbuka kwamba vita ya Kachin ilianza upya 9 Juni 2011, miezi miwili na siku chache tu ndani ya serikali ya mageuzi, baada ya miaka 17 ya utulivu.

Cha pili ni deni la zamani. Tarehe 12 Februari 1947 huko Panglong Aung San aliwaahidi Washan, Wakachin na Wachin kujitawala ndani ya muungano. Miezi mitano baadaye akauawa. Katiba ya kwanza iliwapa Washan na Wakarenni (yaani Kayah) haki hata ya kujitenga baada ya miaka kumi. Mapinduzi ya 1962 yalifuta hayo yote. Aung San Suu Kyi aliitisha Panglong mpya Agosti 2016, wajumbe wakaketi mara kadhaa, lakini jeshi lilitaka kwanza waahidi kutojitenga na kuwe na jeshi moja, na wao walitaka kwanza shirikisho. Nani aanze, hapakupatikana jibu.

Cha tatu kinaonekana kwenye katiba. Kifungu cha 37 kinasema ardhi na maliasili yote ni mali ya Muungano; wenye jimbo la Kachin wanaitazama jedi (jiwe la kijani la thamani) ya Hpakant ikichimbwa bila kauli yao. Kifungu cha 261 kinampa rais kuteua mkuu wa serikali ya kila jimbo. Mwaka 2015 chama cha Warakhine kilipata viti vingi kuliko chama kingine katika bunge la jimbo lao, na serikali ya NLD ikateua mtu wake. Vijana wengi wa Rakhine waliona kura haina maana. Mwisho wa 2018 Arakan Army ilikuwa vitani, na Juni 2019 serikali ya kiraia ilizima intaneti katika wilaya 9. Hapa NLD inabeba lawama yake yenyewe. Katiba iliruhusu kumteua mtu wa chama kilichoshinda jimboni, nayo haikufanya hivyo.

Hapa Arusha tulikuwa na mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Gambia ilipataje nguvu ya kuishtaki Myanmar, na ile sheria ya 1982 imefikia wapi? — Wakili mstaafu, Arusha

Mzee wetu, shikamoo. Arusha imo ndani ya kesi hii. Abubacarr Tambadou, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Gambia, alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa mahakama ya Rwanda. Mwaka 2018 alitembelea kambi za Cox's Bazar, Bangladesh, walikokimbilia Warohingya zaidi ya 700,000 tangu Agosti 2017. Gambia na Myanmar zote zimeridhia Mkataba wa 1948 wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari, na kifungu cha 9 kinairuhusu nchi mwanachama kuipeleka nyingine Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Myanmar ilipinga kwamba Gambia haikudhurika; tarehe 22 Julai 2022 mahakama ilikataa pingamizi, ikishika kwamba wajibu wa mkataba huo uko kwa wanachama wote.

Kesi ilifunguliwa 11 Novemba 2019. Desemba Aung San Suu Kyi alikwenda mwenyewe The Hague kuitetea nchi. Tarehe 23 Januari 2020 majaji, chini ya rais wao Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, waliamuru kwa kauli moja Myanmar izuie mauaji, itunze ushahidi na itoe taarifa baada ya miezi minne, kisha kila miezi sita. Hii ni kesi ya nchi kwa nchi. Watu binafsi wako chini ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo Myanmar si mwanachama wake. Mlango wake ni kwamba kufukuzwa kulikamilika ndani ya Bangladesh, ambayo ni mwanachama. Novemba 2024 mwendesha mashtaka wake aliomba hati ya kumkamata Min Aung Hlaing.

Kuhusu sheria ya 1982, nafasi nzuri ilikuja na kupita. Tume iliyoongozwa na Kofi Annan, iliyoundwa na Aung San Suu Kyi mwenyewe, ilitoa ripoti yake 24 Agosti 2017 ikapendekeza sheria hiyo ipitiwe upya na kadi zisiwe kikwazo cha kutembea. Alfajiri ya siku iliyofuata wapiganaji wa ARSA, kundi la waasi wa Kirohingya, walishambulia vituo vya polisi, jeshi likaingia vijijini, na ripoti haikutekelezwa. Baada ya mapinduzi, serikali ya upinzani ya Umoja wa Kitaifa ilitamka 3 Juni 2021 kwamba itaifuta na kuweka uraia wa kuzaliwa nchini au kuzaliwa na raia popote. Hawajapata nchi ya kuitekelezea ahadi hiyo.

Kwa macho ya kisheria, mzee, kazi itakayokuwepo siku hiyo ni zaidi ya kufuta kifungu cha 3 na cha 4. Zipo kanuni za utekelezaji za 1983 zinazompa ofisa wa wilaya uchunguzi wenyewe. Upo mstari wa kabila na dini kwenye kadi, unaoweza kuondolewa kwa kubadilisha fomu tu. Ipo orodha ya kaya, ambayo tangu Februari 2021 jeshi limerudisha nayo sheria ya kuandikisha kila mgeni anayelala usiku. Na zipo stakabadhi za kadi nyeupe za 2015: zikubaliwe kama ushahidi wa ukaazi, maana kila moja inathibitisha kwamba mwenye nayo alikuwa na namba katika daftari la serikali.